Maji, Vilima na Daraja: Ugumu wa Kushambulia Ngome za Bonde la Liri, Italia, 1944

Ngome iliyosimama juu ya kilima kilicho peke yake na ngome inayolinda bonde la mto ni mambo mawili tofauti, hata kama kuta zake zina unene uleule na walinzi wake wana silaha zilezile. Anayeishambulia ya kwanza hupambana na kuta na watu walio nyuma yake. Anayeishambulia ya pili hulazimika kwanza kupita uwanda ulio wazi, kisha maji, kisha ukingo wa pili uliotegwa mabomu, na yote hayo huyafanya mbele ya macho ya adui aliyekaa vilimani, kulia na kushoto kwake. Mhadhara huu unalichunguza tatizo hilo kupitia mapigano ya Cassino, yaliyopiganwa kwenye lango la bonde la mto Liri, kusini-mashariki ya Roma, kuanzia Januari hadi Mei 1944. Hoja inayotetewa ni kwamba mto hauwi kikwazo kwa sababu ya kumzuia askari wa miguu asivuke, maana yeye karibu kila mara hupata njia ya kuvuka. Ubaya wa mto ni kwamba humtenga askari huyo, akishafika ng'ambo, na vifaru, risasi, chakula na machela vilivyobaki nyuma yake. Kwa hiyo jambo linaloamua shambulio la namna hii si idadi ya waliovuka, bali ni kama daraja la kubeba magari limesimama kabla mlinzi hajakusanya nguvu za kuwatupa tena majini.

Mwishoni mwa 1943 majeshi ya Mataifa Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao waliopigana na Ujerumani, yalikuwa yakipanda kutoka kusini mwa Italia kuelekea Roma, na mbele yao zilikuwapo barabara mbili tu zilizoweza kubeba msafara mkubwa wa magari. Moja ilifuata pwani, ikibanwa kati ya milima na bahari. Nyingine, iliyoitwa Barabara Namba 6, ilipita chini ya mlima Monte Cassino, wenye kimo cha mita 500 na ushei, kisha ikaingia katika bonde pana na tambarare la Liri. Juu ya mlima huo ilisimama abasia, yaani nyumba kuu ya watawa, iliyoasisiwa na Mtakatifu Benedikto mwaka 529. Nyuma ya abasia uliinuka mlima Cairo, uliozidi mita 1,600, na upande wa pili wa bonde ilikaa milima ya Aurunci, ambayo kilele chake cha Monte Maio kina mita 940. Mbele ya lango lenyewe ulipita mto wenye majina kadhaa: huitwa Rapido unapotelemka kutoka milimani, huwa Gari kusini ya mji wa Cassino, na ukikutana na Liri huzaliwa Garigliano uendao baharini. Wamarekani waliuita mto wote Rapido, na kosa hilo limedumu katika vitabu vingi vya historia.

Ulinzi wa Wajerumani katika eneo hilo ulijulikana kwa jina la Safu ya Gustav. Amiri jeshi wao nchini Italia, Albert Kesselring, hakutegemea ukuta mmoja, bali ulinzi wa kina, ambao maana yake ni kupanga vizuizi kimoja nyuma ya kingine ili mshambuliaji anayepenya cha kwanza akutane na cha pili akiwa amechoka na amepungua. Mto ulizuiwa sehemu za juu ili maji yafurike mashambani na kuugeuza uwanda kuwa tope. Kingo zilitegwa mabomu ya ardhini na kuzungushiwa seng'enge, na bunduki za rashasha zilielekezwa kwa namna ambayo risasi za moja zilikatiza mbele ya nyingine, pasibaki kipande cha ardhi kisichopigwa. Nyumba za mawe za kijiji cha Sant'Angelo, kilichokaa juu ya genge la mita 12 hivi kando ya mto Gari, ziliimarishwa na kugeuzwa mahandaki.

Hata hivyo silaha kubwa zaidi katika bonde kama hilo ilikuwa darubini. Mizinga ya Wajerumani ilifichwa nyuma ya vilima mahali ambapo wapigaji wake hawakuweza kuona shabaha. Waliokuwa wakiona ni waangalizi wachache waliokaa kwenye miteremko wakiwa na darubini na simu ya medani, ambao walitaja mahali makombora yalipoangukia na kuwaelekeza wapigaji wasogeze shabaha. Mtu mmoja aliyekaa mahali pazuri aliweza kulifunga bonde zima mchana kutwa. Ndiyo sababu karibu kila kazi ya mshambuliaji, kuanzia kusafisha mabomu ya ardhini hadi kubeba mashua, ilisukumwa usikuni, na katika mabonde ya mito usiku wa baridi huja na ukungu, kwa hiyo mshambuliaji aliyekimbia macho ya adui alijikuta akipoteza na macho yake mwenyewe.

Mashambulio ya kwanza yalianza tarehe 17 Januari 1944 karibu na bahari, ambapo Waingereza walivuka Garigliano na kushika sehemu ya ukingo wa pili. Sehemu kama hiyo, ambayo wavukaji wameinyakua upande wa adui na kuishikilia ili wengine wafuate, itaitwa hapa kituo cha ng'ambo. Mafanikio hayo yalimshtua jenerali wa eneo, Fridolin von Senger und Etterlin, akaomba nguvu za akiba, na Kesselring akampelekea divisheni mbili zilizokuwa karibu na Roma. Jambo hilo ni zito, kwa sababu shabaha mojawapo ya mashambulio haya ilikuwa kuwavuta Wajerumani mbali na pwani ya Anzio, ambako Washirika walipanga kushuka kutoka melini tarehe 22 Januari. Kabla ya Mmarekani wa kwanza kutia mguu katika mto Gari, akiba ya Wajerumani ilikwisha kuvutwa. Usiku wa kuamkia tarehe 20, Divisheni ya 46 ya Uingereza, iliyokuwa iulinde ubavu wa kushoto wa Wamarekani, ilishindwa kuvuka baada ya Wajerumani kufungua malango ya maji huko juu na kuufanya mto ukimbie kwa kasi isiyotazamiwa. Amri ya kuvuka Gari haikubadilishwa.

Kazi hiyo ilipewa Divisheni ya 36, ambayo asili yake ni jimbo la Texas, chini ya Jenerali Fred Walker, aliyeandika mashaka yake katika shajara kabla ya siku yenyewe. Mto wenyewe haukuwa wa kutisha kwa kuutazama kwenye ramani, kwani upana wake ulikuwa kati ya mita 8 na 15 tu, lakini kina chake kilifika karibu mita 3 au zaidi, maji yalikuwa baridi kama barafu na yalikwenda mbio, na kingo zake zilisimama wima. Magari hayakuweza kuukaribia kwa sababu ya tope na kwa sababu kila gari lililoonekana lilipigwa. Kwa hiyo mashua za mbao, kila moja ikikaribia uzito wa kilo 200, zilibebwa mabegani usiku wa tarehe 20 kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, juu ya ardhi iliyotegwa mabomu, kwa njia zilizowekewa utepe mweupe ambao katika ukungu na moto wa mizinga ulikatika au haukuonekana tena. Mashua nyingi zilitobolewa kabla hazijafika majini. Nyingine zilipinduka, na askari aliyevaa koti zito na mikanda ya risasi akizama katika maji hayo hakuibuka.

Pamoja na hayo yote, askari wa rejimenti mbili walivuka. Walivuka usiku wa kwanza, na walipotupwa nyuma walivuka tena siku iliyofuata, wengi wao kwa vidaraja vyembamba vya kupitia watu mmojammoja, ambavyo vilivunjwa na makombora kimoja baada ya kingine. Kisichovuka ni kifaru hata kimoja. Wahandisi wa medani, yaani askari ambao silaha yao ni daraja, barabara na baruti, hawakuweza kujenga daraja la magari kwa sababu Wajerumani wa Sant'Angelo walikuwa bado wanalitazama kila eneo la ujenzi kutoka juu ya genge. Hapo ndipo mduara wa tatizo unapofungika: daraja halijengwi mpaka waangalizi na bunduki za ukingo wa pili waondolewe, na wao hawaondolewi bila vifaru vinavyohitaji daraja. Hadi tarehe 22 hesabu ya hasara ya divisheni hiyo ilikuwa watu 1,681, na kati yao 143 walikufa, 663 walijeruhiwa na 875 hawakujulikana walipo, wengi wao wakiwa wametekwa ng'ambo baada ya kuishiwa risasi. Mwaka 1946, kwa madai ya askari waliorudi, Bunge la Marekani lilisikiliza ushahidi juu ya jambo hili, na kamanda wa Jeshi la Tano la Marekani, Mark Clark, hakuonekana kuwa na kosa. Uamuzi wa kutafuta shabaha iliyokwisha kupatikana, kwa njia ambayo maji yalikwisha kuifunga, unastahili hukumu kali zaidi ya hiyo.

Mwezi wa Februari macho ya ulimwengu yaligeukia abasia. Wanajeshi waliokaa wiki nyingi chini ya jengo lile kubwa waliamini kwamba kila kombora lililowaangukia liliongozwa kutoka madirishani mwake, na tarehe 15 Februari ndege zaidi ya 200 zililipiga mpaka likawa magofu, zikiua raia waliokimbilia humo. Wajerumani hawakuwa wameligeuza jengo hilo kuwa ngome. Mahandaki yao yalikuwa kwenye miteremko iliyolizunguka. Baada ya mabomu waliingia magofuni, ambako vifusi viliwapa kinga bora kuliko kuta zilizokuwa zimesimama, na shambulio la ardhini lililopaswa kufuata mara moja halikuwa tayari. Mlima ulikuwa kiini cha ulinzi kwa sababu ya mahali ulipokaa, na mahali hapavunjiki kwa mabomu.

Mkasa wa usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari unasemwa kwa uchache, ingawa unafundisha zaidi kuliko kuanguka kwa abasia. Kombania mbili za Batalioni ya 28 ya New Zealand, ambayo askari wake walikuwa Wamaori, zilifuata tuta la reli lililopita juu ya mafuriko na kukiteka kituo cha treni cha Cassino. Wajerumani walikuwa wamelikatakata tuta hilo mahali pengi, na nyuma ya Wamaori wahandisi walifanya kazi usiku kucha wakiyaziba mapengo ili vifaru vipite. Kulipopambazuka pengo la mwisho lilikuwa bado wazi. Mchana kutwa Wamaori walifichwa kwa moshi uliofyatuliwa na mizinga ya upande wao, na alasiri vifaru vya Kijerumani vikaja, wakalazimika kurudi wakiwa wamepoteza zaidi ya nusu ya watu wao. Ushujaa haukupungua pale. Kilichopungua ni saa chache za giza na kipande kifupi cha njia.

Shambulio la Machi lilifuata njia ya nguvu tupu. Tarehe 15 mji wa Cassino ulipigwa kwa tani zipatazo 1,000 za mabomu, kisha kwa mizinga, na ilipofika zamu ya vifaru kuingia, mashimo ya mabomu na vifusi viliziba barabara zote, mvua ikayajaza mashimo maji, na wahandisi wakajikuta wakihitaji madaraja katikati ya mji ambao jana yake ulikuwa na barabara. Askari wa miavuli wa Kijerumani walionusurika katika vyumba vya chini walitoka na bunduki zao. Shambulio lilikufa baada ya siku nane.

Tofauti ya Mei ilianza kwenye meza ya mipango. Jenerali John Harding, mnadhimu mkuu wa kamanda Harold Alexander, alikataa wazo la kupiga mlango mmoja kwa divisheni moja au mbili, akataka mstari wote, kuanzia milima ya nyuma ya abasia hadi baharini, upigwe kwa wakati mmoja, ardhi ikiwa kavu na siku zikiwa ndefu. Sehemu kubwa ya Jeshi la Nane la Uingereza ilihamishwa kwa siri kutoka upande wa bahari ya Adriatiki, na Wajerumani wakafanywa waamini kwamba kungekuwa na kushuka kwingine kutoka baharini karibu na Civitavecchia, ili akiba yao ibaki mbali. Saa tano usiku ya tarehe 11 Mei mizinga ipatayo 1,600 ilifyatuka pamoja.

Katika mto uleule wa Gari, upande wa Sant'Angelo ileile, Divisheni ya 8 ya India ilivuka huku wahandisi wakiwa hatua chache nyuma ya askari wa miguu. Walikuwa na chombo kilichofaa mahitaji ya bonde kuliko chochote kilichotangulia, nacho ni daraja la Bailey, lililobuniwa na mhandisi Mwingereza Donald Bailey: vipande vya chuma vyenye urefu wa mita 3, kila kimoja kikibebwa na watu sita, vikiunganishwa kwa pini bila winchi wala kulehemu, kisha daraja lote likisukumwa juu ya magurudumu madogo mpaka ng'ambo. Asubuhi ya tarehe 12 daraja la kwanza la divisheni hiyo, lililopewa jina la Oxford, lilikuwa tayari, na vifaru vya Kanada vikaanza kupita. Daraja jingine lilipelekwa mtoni likiwa limebebwa juu ya kifaru kilichoondolewa mnara wa mzinga, wazo la nahodha wa wahandisi wa Kanada aitwaye Tony Kingsmill. Tarehe 13 Magurkha, askari wenye asili ya Nepali, wakisaidiwa na vifaru hivyo, waliliteka genge la Sant'Angelo. Maji, genge na aina ya ulinzi vilikuwa vilevile vya Januari. Lililobadilika ni kwamba chuma kilivuka.

Isifikiriwe kwamba jambo hilo lilikuwa jepesi. Upande wa kulia, mahali ambapo Divisheni ya 4 ya Uingereza ilivuka, ukungu uliochanganyika na moshi ulipoteza vikosi, mkondo ulichukua mashua, na siku nzima ya tarehe 12 kituo cha ng'ambo kilibaki chembamba bila daraja lolote. Ilionekana kama Januari inarudi. Kamanda wa divisheni, Dudley Ward, aliamua kwamba usiku uliofuata daraja moja lijengwe kwa gharama yoyote, na kombania zake tatu za wahandisi zikakusanywa mahali pamoja, zikafanya kazi chini ya bunduki na makombora mpaka alfajiri ya tarehe 13 daraja liitwalo Amazon likafunguka. Uamuzi wa kuacha kutawanya nguvu kwenye madaraja matatu yasiyokamilika na kuikamilisha kazi moja ndio uliookoa kituo hicho, na wahandisi waliopata majeraha na mauti usiku ule hawajapewa nafasi wanayostahili katika simulizi za Cassino, zinazopenda zaidi vilele kuliko kingo za mito.

Wakati huohuo macho ya Wajerumani yalikuwa yakipofushwa upande wa pili wa bonde. Jenerali Alphonse Juin wa Ufaransa, aliyeongoza jeshi lililojaa Wamoroko, Waaljeria na Watunisia, alikuwa amesisitiza kwamba milima ya Aurunci, ambayo Wajerumani waliilinda kwa watu wachache wakiamini haipitiki, ipitwe kwa miguu na nyumbu. Tarehe 13 Mei wanajeshi wake waliishika Monte Maio, na ulinzi wa upande wa kusini wa Liri ukaanza kubomoka. Kaskazini, Wapolandi wa Jenerali Władysław Anders walishambulia miteremko ya nyuma ya abasia mara mbili kwa hasara kubwa, wakiwafunga walinzi wake wasiweze kusaidia bondeni. Wengi wa Wapolandi hao walikuwa wametoka katika kambi za uhamisho za Umoja wa Kisovyeti, na familia za baadhi yao ziliishi wakati ule Afrika Mashariki, katika kambi za wakimbizi za Tengeru karibu na Arusha na za Masindi na Koja nchini Uganda. Barabara Namba 6 ilipokaribia kukatwa nyuma ya Wajerumani, waliondoka mlimani usiku, na asubuhi ya tarehe 18 doria ya Wapolandi iliingia magofuni na kukuta majeruhi tu. Ngome iliyokataa kutekwa kwa miezi minne iliachwa kwa sababu bonde lililokuwa chini yake halikuwa tena mikononi mwa walinzi wake.

Gharama ya mapigano hayo haivumiliki kuisoma. Inakadiriwa kwamba Washirika walipoteza watu wapatao 55,000 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea, na Wajerumani wapatao 20,000. Raia wa bonde hilo waliteseka kuliko hesabu zinavyoonyesha, na wanawake wa vijiji vya milimani walibakwa kwa wingi na baadhi ya askari wa jeshi la Juin, maovu ambayo ushindi haukuyafuta na ambayo hayana budi kutajwa kila ushindi huo unapotajwa.

Miezi michache baadaye tatizo hilohilo, katika umbo jingine, liliwakuta askari wa Afrika Mashariki waliopigana na Wajapani nchini Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa hasa na batalioni za jeshi ambalo wenyewe waliliita Keya, yaani King's African Rifles, wakiwamo watu wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ilitelemka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944 katikati ya mvua za monsuni, chini ya Jenerali Charles Fowkes. Hapa hapakuwa na uwanda wa kutazamwa kwa darubini. Palikuwa na msitu, malaria na njia zilizogeuka mito ya tope, hata chakula kikadondoshwa kwa miavuli kutoka ndegeni. Mahandaki ya Wajapani yaliezekwa kwa magogo na udongo mnene na kufichwa kwa majani, na mara nyingi mshambuliaji aliyajua yalipo pale tu yalipomfyatulia risasi. Bonde lilipojibana na kuwa korongo la mto Myittha, kabla ya Kalewa, njia pekee ya kusonga mbele ilikuwa kupanda vilima vya pande zote mbili na kumwondoa mlinzi juu ya barabara badala ya kumkabili barabarani. Kalewa ilitwaliwa tarehe 2 Desemba, mto Chindwin ukavukwa usiku uliofuata, na wakati askari wa Keya wakikipanua kituo cha ng'ambo kuelekea Shwegyin, wahandisi walitandaza juu ya maboya daraja la Bailey lenye urefu wa karibu mita 352, ambalo lilikamilika tarehe 10 Desemba na lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Juu yake vilipita vifaru na malori ya Jeshi la Kumi na Nne la William Slim yaliyoelekea mto Irrawaddy na mji wa Mandalay, uliotekwa Machi 1945, ilhali Divisheni ya 11 yenyewe, iliyochoshwa na miezi ya matope na homa, ilikwisha kuondolewa mstari wa mbele.